Mushahara wa Mutu Tuliyemuzika

Jumanne, 9 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli, ile ya kugonga mabati mpaka hamusikiani ndani ya nyumba. Mama ametandaza mabeseni pale panapovuja. Mushahara wa Agosti haujatoka.

Alhamisi, 11 Septemba

Zamu yangu ya uuguzi kwenye kituo cha afya: malaria, malaria, mutoto mwenye kuhara, tena malaria. Mushahara: bado. Muhasibu ananiambia "courage, Bénite," yaani jikaze, kama vile courage inauzwa kilo sokoni.

Jumapili, 14 Septemba

Lazima niandike sasa hivi, nisije kesho nikajiambia niliota.

Baada ya misa nimefungua WhatsApp. Namba siijui, inaanza na 971. Sauti tupu, hakuna picha. Nikabonyeza.

"Petite, ni mie. Hapana kulia. Hapana ambia papa kwanza."

Ni Jephté, ndiye tu anayeniita petite, mudogo wake. Yaya wangu, kaka yangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa kwetu. Mwaka juzi alikuwa muboyi wa lori, utingo, kutoka Kasindi mpakani na Uganda, akapanda juu ya magunia kama siku zote, na lori likachomwa njiani na waasi wa porini kabla ya kufika Beni. Waliokufa tuliwaona. Yeye hatukumuona. Tukangojea. Tukauliza Beni, tukauliza Oicha, tukauliza askari, tukauliza mapadri. Mwezi wa saba mwaka huu wazee wakasema inatosha, na tukafanya kama kwetu wanavyofanya mwili usiporudi: tukazika mugomba. Kipande cha mugomba kimevikwa shati lake la kijani, kikalazwa ndani ya kaburi nyuma ya nyumba hapa Bulengera, Butembo, katikati ya migomba mingine. Niliimba. Nilikula maharagi ya matanga. Na leo ananipumulia sikioni!

Kisha, mutu ambaye amefufuka, mnajua alisema nini? Alisema: "Hapa Dubai niko napata dirham elfu moja na mia tatu kwa mwezi. Ni kama dola mia tatu makumi tano. Weye banakulipa ngapi?"

Nilikasirika mpaka nikatupa simu kwenye kitanda. Halafu nikaikimbilia, nikasikiliza tena, nikalia mpaka jirani Sophie akabisha mulango.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia mama. Mama Katungu wangu, ambaye tangu matanga hanyanyui sauti, alilia kama mutu aliyeungua, akaibusu simu, akaiweka tumboni.

Papa alikuwa mezani. Akasema, "Niletee." Akasikiliza sauti yote, uso umetulia kabisa, mpaka mwisho. Akanirudishia simu.

"Mutoto yangu nilimuzika mwezi wa saba," akasema. Akachukua jembe lake na kwenda shambani kwenye mvua.

Jiwe! Papa Stanislas wangu ni jiwe. Hata siku ya kuzika hakutoa chozi, watu wote waliona.

Jumamosi, 20 Septemba

Kaburi limeota.

Mama ndiye aliyeona, alienda kuchuma mboga za lengalenga. Katikati ya udongo kumetoka jani la mugomba, limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Mama hakupiga kelele. Alikuja tu, akanishika mukono, akanipeleka.

Mugomba wa kuzika hauoti. Unazikwa shina tupu, limekatwa juu ya udongo, halina kisiki wala mizizi. Linaoza kama mutu anavyooza, ndiyo maana yake. Sophie amepita na kusema kwamba kaburi linaloota linaita mwingine wa nyumba ile. Nilimwambia aende akaite mume wake kwanza, amechelewa kwenye kasikisi, pombe yake ya ndizi. Lakini usingizi ulinikimbia.

Jumapili, 21 Septemba

Baba mudogo Kasonia, ndugu ya papa, ndiye aliyesimamia maziko. Amekuja na panga.

"Kaka, ile kitu tuichimbue. Batu banaanza kusema."

"Muache," papa akasema.

"Mais kaka, lakini..."

"Kasonia, nimesema muache."

Kwa hiyo sauti ya Jephté hataki, jina lake hataki, lakini mugomba usiguswe. Sielewi huyu mzee anataka nini.

Jumamosi, 27 Septemba

Jephté ametuma dola mia moja kwenye simu ya mama. Mama amenunua unga, mafuta, samaki, sabuni. Alipika mpaka nyumba ikanukia Noeli.

Papa aliangalia sahani. "Hii bugali ni ya nani?"

"Ni ya mutoto wako," mama akasema.

"Mutu wa kaburini habamulipe mushahara." Akachemsha viazi vyake mwenyewe, akala nje kwenye baraza, na chumvi. Mama alilia. Mimi nilikula samaki wawili kwa hasira.

Jumatano, 1 Oktoba

Mushahara wa Agosti umetoka! Dola mia moja na kumi, noti mbili zimechanika na sokoni watazikataa.

Jumapili, 5 Oktoba

Sasa ananiandikia kila siku, na kila siku ni bei. Nimejaribu kuongea mambo mengine, wapi! Namuuliza, "Yaya, siku ile ulipita wapi?" Ananijibu nyanya za Dubai ni ngapi kilo.

Basi nimeshika hesabu yake kwa sababu ndiyo yote anayonipa. Elfu moja na mia tatu inaingia. Kitanda, si chumba, kitanda cha juu ndani ya chumba cha watu wanane, ni mia tano. Chakula mia tatu makumi tano, akila mara mbili. Simu makumi tano. Inabaki mia nne, yaani kama dola mia moja na kumi.

Nilimsomea Nadège, tunafanya naye zamu moja. Nadège alicheka mpaka akashika ukuta. "Ma chère! Yaya yako amevuka jangwa na bahari ili abakie na mushahara yako! Tena weye unalala chumba ya peke yako, unakula ndizi za papa bure, ukiumwa tunakutundikia serum ya mushipani bila kulipa."

Nilicheka pia. Halafu kicheko kikakata. Jephté angecheka wa kwanza kabisa. Alikuwa anacheka hata kwenye mazishi. Sauti hii ya simu haijacheka hata mara moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mugomba una majani mawili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ninaogopa, na sitaki mama ajue.

Leo nilimuuliza jina la mbuzi wetu wa zamani, aliyekula daftari zake za shule. Kwanza akanitajia bei ya nyama ya mbuzi kule. Kisha: "Petite, hapa sisemi mambo ya kule. Hapa hata jina yangu si ile." Karatasi zake zinasema ni Bwambale, Mukonzo wa Kasese, raia wa Uganda. Lugha yao na yetu ni moja, hakuna aliyemshuku. Bwambale ni jina wanalompa mutoto wa pili wa kiume. Sasa kama yeye ni wa pili, wa kwanza wetu yuko wapi?

Kuna wezi wanaoweza kuchukua simu ya marehemu na kuigiza sauti. Lakini mwizi gani anatuma makuta, pesa za kweli?

Jumamosi, 18 Oktoba

Ameniambia sababu ya hesabu zote. Ananitafutia fasi, nafasi ya kazi. Kuna agence Kampala inayopeleka wanawake Dubai kuangalia wazee majumbani, wanawapenda wenye kujua uuguzi. Mushahara dirham elfu mbili, unalala kwa mwajiri, unakula kwa mwajiri. "Petite, weye utabakisha karibu yote. Makuta ya ticket na ya karatasi nimeshaiweka. Utaitwa jina ya Kasese kama mie."

Dola mia tano kwa mwezi, zikibaki nzima! Ningeezeka nyumba upya, mama asitandaze mabeseni tena. Ningevaa viatu visivyonywa maji. Nataka kwenda. Naandika wazi ili nisijidanganye baadaye: nataka kwenda, na nimechoka kuambiwa courage.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemwambia mama. Akauliza jambo moja tu: "Na weye utapoteza jina?"

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua ya mawe. Nilifikiri ule mugomba utachanika. Nikamkuta papa amesimama kando yake na beseni ya mama juu ya kichwa. Alisema anaangalia mufereji.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Kila familia inapeleka majina ya wafu wake parokiani, na padri anayasoma kwenye misa. Kwetu ni papa anayepeleka. Nilikaa nimekaza mikono. Walisoma babu, walisoma tantine Kavuo, shangazi yetu, walisoma mutoto wa Kasonia. Nikangojea. Padri akaenda kwa familia nyingine.

Mama alimgeukia papa. Papa aliangalia mbele, kwenye altare, kama mutu aliye kwenye foleni ya mizigo.

Nje Kasonia akamshika bega. "Kaka, umesahau kijana."

"Sikusahau," papa akasema.

Kwa hiyo sasa hayuko hata kwa wafu! Nilitembea mbele peke yangu mpaka nyumbani, sikutaka kumuona.

Ijumaa, 7 Novemba

Vagheni amepiga simu kutoka Beni. Ni muchuuzi wa vyombo, zamani Jephté alikuwa anashusha mizigo yake, alikuja hata kwenye matanga. Anasema nije nimuone, ni mambo ya kusema uso kwa uso.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi. Nimebadilisha nguo na kunywa chai, sasa naandika.

Njia ya Beni sikuipita tangu mwaka juzi. Ndani ya taxi watu walikuwa wanabishana juu ya bei ya saruji. Kwenye kilima kimoja, pale panaposhambuliwa magari, wote walinyamaza pamoja bila mutu kuwaambia, na tulipopita wakaendelea na saruji.

Vagheni alinipeleka nyuma ya duka lake, akafunga mulango.

"Yaya yako, nimemuona na haya macho yangu. Mwezi wa nane, nilienda Dubai kununua sufuria. Kwa depot ya cargo kuko mutu anabeba carton. Nikasema moyo yangu, huyu si tulimuzika? Nikaita: Jephté! Hakugeuka. Nikaita tena. Hakugeuka. Nikasema basi, ni shetani, ama ni mie nimechoka. Halafu nikamwambia mwenzangu kwa Kinande, lugha yetu, ile carton ya juu itaanguka. Yule mutu akanyoosha mukono, akaishika, bila hata kufikiri."

Vagheni alijifuta uso kwa kitenge.

"Akakuya kwangu kichwa chini, akasema: Mama Vagheni, hapana ita ile jina hapa. Akaniambia bale batu ba kuchoma lori balimubebesha mizigo porini miezi mingi. Siku moja akatoroka, akatokea upande ya Uganda. Akaogopa kurudi, batu batasema alikuwa mwenzao. Nikamwambia, mais kwenu banajua umekufa, balikuzika na mugomba. Akasimama pale kama mutu wa mbao. Akauliza kitu moja tu."

"Kitu gani?"

"Papa alilia?"

Nilijua jibu kabla hajalisema.

"Nikamwambia ukweli, mutoto yangu. Nikasema hapana, papa yako hakulia. Yesu, ningejua ningedanganya! Halafu akaanza kuniambia kitanda ya kule ni ngapi, chakula ni ngapi, anabakia na ngapi. Anaongea mbio mbio, machozi inashuka, na anaongea tu bei."

Nikalia pale kati ya sufuria. Ni yeye, ni yeye mwenyewe, na mimi nilikuwa namtega kwa jina la mbuzi.

Kisha Vagheni alinipa bahasha. Dola elfu moja na mia tatu. Jephté alimkabidhi siku ile ile: "Ya petite, ya ticket. Uishike mpaka nikuambie." Mwaka mzima wa kitanda cha juu uko ndani ya bahasha hii. Iko chini ya godoro langu na sijui nitalalaje.

Jumatatu, 10 Novemba

Kazini nimechoma sindano vibaya, mama mmoja akanitukana, alikuwa na haki. Agence inataka jibu mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimefanya hesabu nyingine. Ile ambayo Jephté hakuifanya. Makuta yanayonitoa mimi hapa ndiyo makuta yanayoweza kumrudisha yeye. Ni ticket moja. Nikienda, tutakuwa wawili tusio na jina kule, na wazee wawili hapa na kaburi linaloota. Akirudi, napoteza dola mia tano za kila mwezi, tena mutu atarudi kwa baba gani? Kwa jiwe?

Nimekasirika na wote. Na mvua pia.

Jumanne, 18 Novemba

Mugomba umefika magotini kwangu. Sophie sasa anazunguka upande mwingine kwenda kisimani.

Jumapili, 23 Novemba

Leo nitaandika mpaka mukono uume.

Kasonia alikuja baada ya misa na wanaume wawili wa chama chao na majembe. Watu wamesema sana, mutoto wake mwingine ameanza homa, hataki kuzika tena. Aliingia moja kwa moja nyuma ya nyumba. Papa alikuwa ameshafika. Alisimama kati yao na mugomba akiwa bado na koti la misa.

"Kaka, toka. Mugomba ya kuzika haioti. Mie mwenyewe nilikuambia ukate juu ya udongo. Kama unaota, ni kitu mubaya."

"Si kitu mubaya. Ni mie."

"Ni weye nini?"

"Siku ile niliwaambia nitaenda peke yangu kuutafuta mugomba. Muliona nilikawia. Sikuukata, Kasonia. Niliuchimba. Niliutoa na kisiki yake na mizizi yake, nikaifunga ndani ya shati ili musione. Nikauweka uzima ndani ya shimo."

Mmoja wa wale wanaume aliweka jembe chini polepole.

"Muliniambia nimuzike, nikatii, juu wazee walikuwa wamesema," papa akasema. "Mais sikuwa nimemuona amekufa. Nitalia namna gani mutu ambaye sijamuona amekufa? Nitapeleka jina yake kwa padri namna gani? Nilisema: kama yuko, itaota. Kama hayuko, itaoza."

Mama akakaa chini, kwenye udongo, na kanga yake nzuri. Mimi nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia papa kelele maishani mwangu.

"Basi juu ya nini unakataa makuta yake? Juu ya nini umesema ulimuzika? Miezi miwili unakula viazi na chumvi mbele yetu!"

Akanigeukia, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, yule jiwe langu.

"Sauti alikutumia weye. Makuta alitumia mama yako. Mie alisema: hapana ambia papa. Makuta mutu yeyote anaweza kuituma, Bénite. Nimengoja mutoto yangu aniite. Kila siku nimengoja. Haniite."

Mungu wangu! Mmoja anasubiri hapa kuitwa, mwingine anasubiri kule kuambiwa baba yake alilia, na mimi katikati nahesabu dirham.

Sikuomba ruhusa. Nilipiga simu pale pale, nikaweka sauti wazi. Jumapili hafanyi kazi. Alipokea haraka.

"Petite? Agence ilikujibu?"

"Yaya, papa yuko hapa. Mbele ya mugomba wako. Umeota. Aliuzika na mizizi, yaya, kwa makusudi. Hakulia kwa sababu hakukubali."

Tulisikia watu wa chumba chake wakiongea lugha fulani, na feni.

Papa alichukua simu kwa mikono miwili, kama anavyopokea hostia.

"Jephté."

Pumzi yake ikaja mbio mbio.

"Paluku," papa akasema, jina la mutoto wa kwanza, jina ambalo kwetu halikutamkwa tangu mwezi wa saba. "Ule mugomba ni yako. Mie sitauchimbua, na Kasonia hatauchimbua. Kuya uuchimbue weye mwenyewe."

Na hapo mutu wangu wa bei akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kama mutoto aliyeanguka, mpaka wenzake wakanyamaza kule. Papa naye akalia, amesimama wima, machozi yanaingia kwenye kola ya koti. Kasonia akavua kofia yake.

Nilienda ndani, nikatoa bahasha chini ya godoro, nikarudi. "Yaya, ile ya ticket iko mukononi mwangu. Ni ya ticket yako. Hapana bishana na mie, nitakata simu."

"Petite, weye utabakia na mia na kumi?"

"Wakinilipa," nikasema.

Akacheka. Kidogo, na kikohozi, lakini kilikuwa kicheko chake, nilikijua kama ninavyojua mulango wetu. Kisha akauliza, kwa ile ile sauti ya hesabu zake:

"Papa... Kutoka Kasindi mpaka Butembo, sasa ni ngapi?"

Papa alituangalia mmoja mmoja. Yeye hajasafiri miaka, hajui bei ya kitu chochote nje ya soko la ndizi.

"Sijui," akasema. "Nitauliza kesho."

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Muhasibu amesema courage. Papa amevaa tena koti la misa, ameshuka kwa miguu mpaka parking ya magari kuuliza bei ya kutoka Kasindi, mutu mmoja, bila mizigo.